Kabla hujamwandika mtoto Edward: namna ya kuchimba asili ya jina

Mwezi uliopita, siku ya mvua, kijana mmoja aliingia dukani kwangu Kirumba, Mwanza, na fomu ya kuombea cheti cha kuzaliwa. Alikuwa ameikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa bado unanuka dagaa. Mimi nauza kalamu na bahasha, natoa kopi, na wasiouamini mwandiko wao nawajazia fomu.

"Mtoto wa kiume, ana siku tisa," akasema. "Mama yake anataka Edward. Mimi sitaki."

Nikamuuliza kulikoni. Akanipa simu. Kioo kimepasuka, lakini maneno yanasomeka: Edward, maana yake mlinzi wa tajiri.

"Kaka, mzee wangu amelinda godauni la samaki miaka kumi na saba, rungu mkono huu, tochi mkono huu. Tajiri analala, yeye anapigwa na baridi ya ziwa. Leo nimwandike na mwanangu awe mlinzi wa tajiri?"

Sikuwa na la kufanya ila kucheka, kwa sababu mimi mwenyewe naitwa Edward. Nikamvutia kigoda. Mvua ilikuwa haimruhusu kwenda popote, nami jina hili nimelichimba miaka mingi kwa sababu nitakayoieleza mbele. Niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa. Nimetumia Edward kwa kuwa ndilo ninalolijua mpaka mifupani, ila njia ni hiyohiyo ukiwa na Alfred, Edwin au Wilfred nyumbani.

Kwanza hakikisha ni la Kiingereza

Kwetu jina lolote lililokuja na ubatizo tunaliita la Kizungu, na la Kizungu tunaliita la Kiingereza, basi. Ukianza hivyo utapotea mapema. John ni jina la Kiebrania, linasema Mungu amekuwa na neema. Limepita kwenye Kigiriki na Kilatini ndipo likafika kwa Waingereza, na Yohana wa kanisani ni huyohuyo. George ni la Kigiriki, mkulima. Philip vilevile ni Kigiriki, mpenda farasi.

Thomas ni la Kiaramu na maana yake ni pacha. Hili huwafurahisha sana wateja wangu wa Kisukuma, maana sisi mapacha majina yao yapo tayari kabla hawajazaliwa, Kulwa na Doto, na atakayewafuata ni Shija. Jirani yangu mmoja nyumbani wanamwita Doto, kanisani Thomas. Miaka arobaini anaitwa Pacha mara mbili na hakuwa na habari. Siku niliyomwambia alikwenda kumpigia Kulwa simu kumtambia.

Kuna kundi jingine linalowapoteza hata wasomi: William, Robert, Richard, Henry, Godfrey. Haya ni ya Kijerumani cha kale, na yaliingia Uingereza kwa wingi pamoja na Wanormani, watu waliovuka bahari kutoka kaskazini mwa Ufaransa na kuitwaa nchi mwaka 1066. Yanafanana na ya Kiingereza kwa sababu lugha zenyewe ni ndugu, kama Kisukuma na Kinyamwezi. Mtu wa Tabora akizungumza unamwelewa, lakini unajua si wa kwenu.

Yanayobaki ndiyo majina ya Waingereza wenyewe, waliyokuwa wakipeana kabla ya 1066. Utayajua kwa kichwa au kwa mkia: yanaanza na Ed au Os, au yanaishia na win, mund, gar, ward. Usiifanye sheria. Albert ana mkia wa Kiingereza kabisa, lakini hilo tunalolitumia leo limetoka Ujerumani.

Livunje vipande viwili

Jina la Kiingereza cha kale karibu kila mara ni maneno mawili yaliyoungwa. Kazi yako ni kupata mahali pa kukata. Ukilitafuta jina zima kwenye simu utaletewa zile orodha za majina ya watoto, na hizo zimenakiliana mpaka zikasahau zilianzia wapi. Tafuta kipande kimoja kimoja kwenye kamusi ya Kiingereza cha kale. Zipo za bure mtandaoni. Utakutana na herufi ngeni kama æ. Kuipata, bonyeza a kwenye simu na usiachie kidole, itajitokeza juu.

Edward zamani aliandikwa Ēadweard. Panga linapita katikati: ēad, weard.

Ēad ni mali, lakini si mali ya kuhesabu tu. Ni mali pamoja na bahati njema, pamoja na hali ya mtu ambaye mambo yake yamekaa vizuri. Kamusi zitakupa maneno manne au matano kwa sababu hakuna moja linalotosha. Kiswahili kina nafuu hapa, maana tuna heri. Wavuvi wa Mwaloni wangesema riziki. Wavu ukipanda umejaa, mvuvi hasemi amepata mali, wala hasemi amepata bahati, anasema leo riziki ipo. Tofauti ni kwamba riziki inamtaja Mungu waziwazi na ēad haimtaji, kwa hiyo mimi nabaki na heri.

Angalia pia kosa la ile simu ya kijana. Ēad si mtu. Hakuna tajiri yeyote ndani ya Edward. Aliingizwa na mtu aliyetafsiri kwa haraka.

Weard ni mlinzi. Hapo sikuweza kumdanganya kijana, ni mlinzi. Lakini neno mlinzi kwetu limeshuka bei. Ukilisikia unaona koti kubwa, kibanda na redio ndogo. Kwa hiyo nikachukua kopi iliyotoka na madoa, nikaigeuza, nikamwandikia nyuma neno jingine la Waingereza hao: hlāfweard.

"Hlāf ni mkate," nikamwambia. "Weard umeshamjua. Huyu ni nani?"

"Mlinzi wa mkate. Wa bekari."

"Ndiye mkuu wa nyumba. Chakula cha wote kinashikwa na yeye, na wanaokula kwake ndio watu wake. Sasa neno hilo walilitamka kwa haraka karne na karne, ulimi ukalimeza kidogo kidogo, likabaki lord."

Lord, bwana mwenye cheo, neno ambalo hata Biblia yao inamwitia Bwana. Mwenzake, lady, alitoka kwenye hlǣfdige, mwanamke anayekanda unga wa mkate. Kijana aliitazama ile karatasi kwa muda.

"Yaani bosi ndiye mlinzi?"

"Kwa hao watu, bosi ndiye mlinzi."

Akaomba abaki na karatasi. Nadhani aliipeleka kwa mzee wake.

Ukishakishika kipande kimoja, vingine vinakuja vyenyewe. Ēad huyohuyo yumo kwenye Edwin, akiwa na wine, rafiki. Yumo kwenye Edmund na mund, ulinzi au himaya; kwenye Edgar na gār, mkuki; na kwa wanawake yumo kwenye Edith, pamoja na neno la vita. Edson, ambaye Mwanza hii utamkuta kila mtaa, ni rahisi zaidi, ni mwana wa Ed. Oswald ni mungu na utawala. Wilfred ni nia na amani, jina zuri sana, silioni likitumika inavyostahili.

Alfred ana mtego. Kipande cha pili ni rǣd, shauri, na hakina ubishi. Cha kwanza ni ælf, viumbe visivyoonekana ambavyo Waingereza wa kale waliamini wanaishi navyo jirani. Kiswahili cha karibu ni jini, ingawa si lazima awe mbaya. Mama mmoja anayefundisha watoto wa Jumapili, mwanawe Alfred, aliniuliza maana nami nikamwambia bila kupima: shauri la majini. Alichukua bahasha zake akaondoka na chenji yake nimeishika. Ungekuwa wewe, anza na mfalme Alfred aliyetawala kuanzia 871 hadi 899, akatafsiri vitabu vya Kilatini ili watu wake wasome kwa lugha yao. Majini yatafuata baadaye, mtu akishakaa.

Usiunge vipande ukapata sentensi

Hili ndilo kosa ninaloliona kila siku, na mimi nimelifanya kwa miaka. Ukishapata heri na mlinzi, unataka kusema mlinzi wa heri, kisha unaanza kumtafutia mtoto tabia humo. Waingereza wa kale hawakuwa wakitunga sentensi. Kulikuwa na askofu wa Worcester, Mtakatifu Wulfstan, aliyefariki 1095. Wulf ni mbwa mwitu, stan ni jiwe. Mbwa mwitu wa jiwe? Jiwe la mbwa mwitu? Hangaika utakavyo, halileti maana.

Maana iko kwa wazazi. Baba yake aliitwa Æthelstan, mama yake Wulfgifu. Mtoto akachukua kichwa kwa mama na mkia kwa baba. Ukishuka ufukweni leo utakuta mtumbwi umeandikwa jina ambalo halimo kwenye lugha yoyote duniani; muulize mwenyewe, atakwambia mwanzo ni wa mke wangu, mwisho ni wa binti yangu wa kwanza. Anayetafuta maana kwenye kamusi hataipata, inabidi aijue familia.

Ukoo wa wafalme ulifanya hivyohivyo na ēad. Alfred alimwita mwanawe Edward, aliyetawala 899 hadi 924. Huyo akazaa, miongoni mwa wengine, Edmund na Eadred. Edmund akazaa Eadwig na Edgar. Edgar akazaa Edward mwingine, ambaye aliuawa akiwa kijana mwaka 978. Kile kipande kilirithishwa kama shamba. Ukisikia Ed pale, ulijua mtu ni wa ukoo gani kabla hajafungua mdomo.

Sisi Wasukuma jina letu linafanya kazi nyingine. Mabula ni mvua, kaletwa na mvua. Jina linakupa habari ya siku ile. Kwa hiyo anayelipima Edward kwa kipimo cha Mabula, akatafuta ni habari gani limeitoa, amelikosea tangu mwanzo.

Fuata waliolibeba

Baada ya vipande, waache wanakamusi, watafute watu. Jina halisafiri lenyewe, linabebwa. Kwa Edward maswali ni mawili: kwa nini halikufa, na lilivukaje mpaka huku.

Lilipaswa kufa. Wanormani walipoingia 1066, majina ya wenyeji yalianza kuonekana ya kishamba. Katika vizazi vichache watoto wa Waingereza wenyewe walikuwa akina William na Robert, na mengi ya zamani yakapotea. Si ajabu kwetu. Nina kaka wa baba mkubwa waliokuwa na majina ya Kisukuma hadi siku ya kuanza shule, wakarudi jioni na mengine.

Aliyeliokoa ni marehemu. Mfalme Edward aliyefariki Januari 1066, yule ambaye kufa kwake ndiko kulikoleta ugomvi wa kiti mpaka Wanormani wakavuka, alikuwa mtu wa sala, na alijenga kanisa kubwa la Westminster, London. Mwaka 1161 Papa akamtangaza mtakatifu. Wakatoliki tunamwita Edward Mwungamadini, na siku yake ni tarehe 13 Oktoba. Miaka zaidi ya sabini baadaye mfalme Henry wa Tatu, ambaye kwa damu na lugha alikuwa zaidi wa upande wa Ufaransa, alimpenda mno mtakatifu huyu, na mwanawe alipozaliwa mwaka 1239 akamwita Edward. Jina la wenyeji likarudi ikulu. Yule mtoto akatawala kuanzia 1272, akafuatwa na mwanawe Edward, naye akafuatwa na mwanawe Edward, mpaka 1377. Miaka zaidi ya mia moja, baba, mwana na mjukuu. Hapo jina haliwezi tena kufa.

Lilivuka hadi Ureno pia. Mjukuu wa kike wa Edward wa Tatu aliolewa na mfalme wa kule, na mwanawe akapewa jina la babu wa mama, ila kwa ulimi wa Kireno likawa Duarte. Alitawala 1433 hadi 1438. Ukikutana na Duarte au Eduardo, huyo ni wajina wangu.

Edwin na Alfred hawakupata bahati hiyo. Walilala karne nyingi, wakaamshwa hasa karne ya 19, Waingereza walipoanza kupenda mambo yao ya kale. Ndiyo karne hiyohiyo wamisionari walipokuwa wakija huku, kwa hiyo majina hayo yalitufikia yakiwa yametoka tu kufufuka.

Na jina la Edward limo majini

Hili huwa nawaambia watu tukiwa tumekaa tunalitazama ziwa. Agosti 1858 Speke alifika pande hizi za Mwanza, akaliona, na akalipa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, na ghuba iliyo kaskazini yetu hadi leo kwenye ramani imeandikwa jina la Speke mwenyewe. Mwaka 1864 Baker akalikuta ziwa jingine, akaliita Albert, mume wa malkia aliyekuwa ameshafariki. Mwaka 1889 Stanley akalipa la tatu jina la mtoto wao mkubwa wa kiume, Albert Edward. Pembeni yake kuna dogo lililopewa George, mwana wa huyo Edward. Baba, mama, mtoto na mjukuu, wote ni maji. Kitukuu tu ndiye aliyekosa dimbwi.

Huyo Albert Edward alizaliwa 1841. Kuingia kwenye kiti mwaka 1901 akaliacha la baba yake na kutawala kama Edward wa Saba, hadi 1910. Miaka ya 1970 ziwa lake lilibadilishwa jina na kuitwa Idi Amin, na baada ya Amin kuondoka likarudi kuwa Edward. Ila jina la Victoria kwenye ziwa letu la Nyanza, naona limeshazoeleka, hata mimi nikijaza fomu za wanafunzi naandika Viktoria bila kufikiri.

Njia iliyolifikisha kwenu

Sasa achana na wafalme, rudi nyumbani, maana mtoto wako hajapewa jina la mfalme wa 1239. Amepewa la mtu fulani. Kaa na mzee, na usimwulize jina hili lina maana gani. Atakujibu la Biblia, au atakwambia ni zuri tu. Muulize: kabla yangu nani aliitwa hivi? Siku ile redio ilikuwa inasema nini? Nani alikuwa mgeni nyumbani? Nani alikataa?

Mimi nilizaliwa Mei 1984 Kayenze, baba yangu akiwa fundi wa mitumbwi. Mwezi mmoja kabla, tarehe 12 Aprili, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitokea Dodoma. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyetangaza redioni. Baba alisema aliweka tezo chini na hakuishika tena siku ile. Mwaka uliotangulia Sokoine alikuwa ameongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na fundi mitumbwi aliyekuwa hapati misumari dukani wala sabuni nyumbani alimwona kuwa mtu wake. Mtoto akazaliwa, ikawa Edward.

Aliyekataa ni mjomba. Mama amenisimulia haya akiwa anacheka mpaka anafuta machozi. Mjomba alikuwa na katoni sita za sabuni chini ya kitanda, na usiku mmoja wa 1983 aliposikia msako umefika kijiji cha jirani, alizipakia mtumbwini akaenda kuzizamisha. Asubuhi ufukwe una povu. Kwa hiyo mwaka uliofuata, aliposikia mpwa wake kapewa jina la yule aliyemfanya aoshe ziwa, hakuja kuniona mpaka nilipoota meno.

Nilivyojua vipande vya ēad na weard, kwa muda niliamini kuna fumbo: mlinzi wa mali, na Sokoine alilinda mali ya umma! Nilikuwa nawaambia watu kwa uso wa mtu aliyefunuliwa. Siku hizi siwaambii. Ukianza kusoma bahati kwenye kamusi utampata Edward mwingine, wa Nane, aliyetawala kwa miezi isiyofika kumi na mbili na mwezi Desemba 1936 akakiacha kiti ili amwoe mwanamke aliyemtaka. Huyo alilinda nini?

Kuna pa kwenda zaidi ya wazee. Kama ukoo wenu ni wa Kikatoliki, nenda parokiani, omba kwa heshima karani akufungulie daftari la ubatizo. Mapadre wa White Fathers walifika Bukumbi, hapa kusini mwa mji, mwaka 1883, na daftari za zamani ziliandikwa Kilatini. Usimtafute Edward, tafuta Eduardus. Mimi nilijikuta hivyo, na pembeni ya jina pamewekwa mtakatifu wangu: yule wa 13 Oktoba. Katekista alihitaji msimamizi wa mtoto, akaweka aliyemjua. Baba alikuwa amempa mwanawe Edward wa Monduli, kanisa likaandika Edward wa Westminster, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Herufi moja inaweza kukubadilisha ukoo

Kisukuma hakina r yenye amani, inageuka l. Kwa hiyo mama yangu hajawahi kuniita Edward maisha yake yote, ananiita Edwalidi. Sina neno, ndilo jina langu hasa. Shida ilikuja alipokwenda kuniandikisha, akalitamka hivyohivyo, na mwandishi naye akaandika alichosikia, akakata kidogo mwishoni ili lifanane na la Kizungu: Edwald. Likakaa kwenye cheti cha shule. Ubatizo Eduardus, shule Edwald, kadi ya kliniki Edwadi. Nilipotaka kufungua akaunti ya biashara nikawa watu watatu. Nilikwenda kwa wakili kula kiapo kwamba sisi sote ni mimi, na nikakilipia.

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba, kwa hasira tu. Na nilichokikuta kilinifanya nicheke peke yangu: Eadweald lilikuwa jina halisi la Waingereza wa kale. Mkia wake ni weald, nguvu au utawala, uleule wa Oswald. Mama, bila kukusudia, kwa l moja alikuwa ameniondoa kwenye ulinzi akanipa utawala.

Kwa hiyo amua mwandiko mmoja kabla ya fomu ya kwanza. Edward, Edwadi au Eduardi, yote ni halali, Kiswahili kina haki ya kuandika jina kinavyolitamka. Ila liandike kwenye karatasi, umpe anayekwenda kuandikisha, asilitamke tu. Kisha kabla hujaondoka dirishani soma walichoandika, herufi kwa herufi.

La utani usiliandike popote, litajitafutia. Mwanza nitakuwa Edo mpaka nizeeke. Waingereza wana Ned na Ted. Ile n ya Ned haikutoka hewani: zamani walisema mine Ed, Ed wangu, na katika kusema haraka n ikahamia upande wa pili. Ndivyo mwana wangu alivyogandana akawa mwanangu.

Kijana wa dagaa alisikiliza yote haya, kidogo nje, kidogo kwenye simu ya mkewe iliyokuwa inaita. Mwishowe nikamuuliza swali la Kisukuma: siku aliyozaliwa ilikuwaje?

"Mvua, kaka. Tangu alfajiri. Bodaboda alikataa kupanda mlima, tulimshusha mama yake tukasukuma."

Basi tukaandika Edward sehemu ya jina la kwanza, Mabula sehemu ya pili, na la mzee mwenye rungu sehemu ya ukoo. Alinifanya niitaje kila herufi kwa sauti. Kwenye r akasimamisha kalamu yangu kwa kidole, akaiangalia, akaniruhusu niendelee. Akalipa mia tano. Nilimpa bahasha ya bure, lakini fomu aliikunja tena mara nne na kuirudisha kwenye mfuko wake uleule.